Ngazi Nyepesi Haikai Nyumbani

Ukitaka kuwafahamu majirani zako wote kwa majina na shida zao, usihangaike kuhudhuria mikutano ya mtaa. Nunua ngazi. Iegemeze ukutani kwa ndani, funga geti, kisha kaa usubiri. Kabla jua halijazama utakuwa umepigiwa hodi na watu ambao miaka yote mmekuwa mkipishana njiani bila salamu, na kila mmoja atakuita kaka.

Huku kwetu Chamazi, ukishaipita Mbagala Rangi Tatu na vumbi lake, nyumba zinajengwa kwa awamu, na awamu ya mwisho huwa iko juu. Kuna dishi lililogeuzwa na upepo, kuna tenki la maji juu ya mnara wa tofali, gata iliyojaa majani ya mwembe, bati lililochomoa msumari wake na sasa linapiga ngoma kila mvua ya vuli. Kazi zote ziko juu, watu wote tuko chini. Hesabu nyumba za mtaa mzima, kisha hesabu ngazi, ndipo utaelewa kwa nini nina kinyongo.

Zamani shida ilikuwa antena. Kabla matangazo ya analojia hayajazimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na mtu wa juu ya bati wa kugeuza bomba, mtoto wa dirishani wa kupeleka habari, na mzee wa sebuleni wa kutazama chenga na kutoa hukumu. "Imekaa?" "Bado!" "Na sasa?" "Ilikuwa imekaa, umeipitisha!" Tulipoambiwa tunaingia dijitali nilidhani shughuli ya kupanda juu imekwisha. Ving'amuzi vikaja, vingine vikaja na madishi, na dishi nalo halikai uvunguni mwa kitanda.

Hapo bado sijautaja mnazi. Niliukuta kwenye kiwanja, mrefu wa asili, wa aina ile ya pwani ya Afrika Mashariki inayoweza kupita mita 20 bila kuomba radhi. Nazi zake zikikomaa zinadondoka zinapotaka, na zinapenda kudondoka pale mama watoto anapoanika nguo. Kwa hiyo nilikuwa nahitaji kupanda, au nihitaji mtu wa kupanda, au nihame.

Nikaenda Kariakoo nikiwa na masharti mawili tu: iwe ya bei nafuu na iwe inabebeka. Sina gari. Sina stoo. Nina uchochoro kati ya choo na ukuta, na hapo tayari pana baiskeli isiyo na mnyororo.

"Karibu mzee wangu," kijana wa dukani akanipokea. "Unataka ya nyumbani au ya kazi?"

"Ya nyumbani, ila inifikishe kwenye bati."

Akaanza na ile ya kuvuta, inayoingia ndani kwa ndani mpaka inabaki kimo cha mtoto wa darasa la pili. Ukiivuta inasimama mita karibu nne. Unaibonyeza vitufe pembeni, kipago kimoja kinashuka juu ya kingine, tap, tap, tap. Nilipendezwa mpaka nilipomtazama mkono. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi tii. Nikamuuliza kulikoni. "Hii ni kazi tu, mzee," akasema, akauficha mfukoni. Bei? "Laki tatu na themanini, ila maongezi yapo." Maongezi yalikuwepo kweli, lakini hayakufika nilipokuwa mimi.

Ile iliyonyooka ya alumini ilikuwa ya bei ya kibinadamu, lakini mita nne zilizonyooka hazikati kona ya uchochoro wangu. Ya mbao tungeweza kuipata kwa fundi wa huku huku mtaani, mbao mbili kwa nne na misumari, ila fundi wetu akitengeneza ngazi huwa anapima kwa macho, na kila kipago kinakuwa na umbali wake. Unapanda ukihesabu, unashuka ukikisia. Ya mirunda ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo wanayopandia mafundi ujenzi wa jiji zima wakiwa wamevaa ndala, lakini mimi nina familia.

Nikaangukia ya kukunja mara nne. Alumini, mita 3.7 ikifunguliwa yote, haifiki mita moja ikikunjwa, kilo 12 na ushei. Ukitaka inasimama kwa miguu minne bila ukuta, ukitaka inanyooka, ukitaka inakuwa jukwaa la kupakia rangi. Nikalipa, nikaikumbatia, nikaenda kupanda daladala.

"Mzee, hiyo ngazi inalipa," konda akanisimamisha mlangoni.

"Imekunjwa bwana, naiweka miguuni."

"Hata wewe ukikunjwa unalipa."

Basi lote likacheka, nikalipa nauli ya watu wawili, na ngazi ikakaa dirishani. Kutoka kituoni nikachukua bodaboda. Dereva akashauri tuifungue nusu, nipitishe kichwa katikati ya vipago ili miguu yake ilale mabegani kwangu. Hivyo ndivyo mtaa ulivyoniona nikiingia: nimevaa ngazi. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kufanya kazi haraka namna hiyo.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya jirani wa ukuta mmoja, anabadili balbu. Ya pili ya mjumbe, na mjumbe hanyimwi, kwa sababu barua zako zote za utambulisho zinaanzia kwake. Kisha kukatokea msiba nyuma ya msikiti, wanafunga turubai na taa. Nani atamnyima mfiwa ngazi? Baada ya msiba ilipitia harusini kufunga maua, ikaenda Mbande na fundi dishi ambaye mimi simjui ila "mama watoto anamjua". Mama watoto naye akasema hamjui, anamjua dada yake.

Kila iliporudi ilikuwa na habari mpya. Kiatu kimoja cha mpira kikapotea, kikawekwa kipande cha ndala. Bawaba moja ikaanza kulegea. Aliyeilegeza alinirudishia na lawama juu: "Kaka, ngazi yako hii ina kasoro, ilinichezea." Nikaona dawa ni kuiandika jina. Nikanunua rangi nyekundu, nikaandika herufi zangu kubwa ubavuni, kipago hadi kipago. Ikaazimwa tena. Iliporudi, herufi zangu zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe nzuri kabisa, na juu yake pameandikwa MALI YA KAMATI YA MAZISHI.

Nilikuwa katika hali hiyo ya moyo shemeji yangu aliyeko Ohio, Marekani, alipopiga simu ya video akiwa juu ya mti. Nadhani angekuwa Chamazi tungemwita mganga. Kule ni starehe. Mtu anaacha kitanda chenye blanketi alfajiri ya baridi, anakwea mti, anafunga kijukwaa cha kukalia mita tano au sita kutoka chini, ananyamaza, anasubiri kulungu wao mwenye mkia mweupe apite amrushie mshale. Ana kibali cha serikali na msimu wake maalumu.

"Shem, unaviona hivi?" akanionyesha chini ya miguu yake. Shina la mti lilikuwa limefungiwa vijifimbo vya kupandia, kila kimoja kina urefu wa nusu mita na kidogo, kina vikanyagio pembeni, kimebanwa kwa mkanda. Unafunga cha kwanza, unasimama juu yake, unafunga cha pili juu ya kichwa chako, unaendelea hivyo. Ukimaliza unashuka ukivifungua, unavipachika mgongoni, unaondoka navyo. Vinauzwa seti ya vitatu au vinne. "Nikija nikuletee, utaangulia nazi," akasema, kwa ukarimu wote.

Nikamuuliza bei, maana ndilo swali langu la kwanza kwa kila kitu. Akasema vya chuma vya kawaida unaweza kupata seti chini ya dola 100, lakini ni vizito na vinagongana, na kulungu akisikia chuma kimelia hukai naye tena. Kwa hiyo wawindaji wanataka alumini. Wakishapata alumini wanataka nyuzi za kaboni, kila kijifimbo kisifike hata kilo moja, na hapo seti inapita dola 400. Watu wanabishana kwa gramu, shemeji anasema, kuna wanaotoboa matundu kwenye vikanyagio ili wapunguze uzito. Huko unalipia kile kilichoondolewa. Nikatazama ngazi yangu pale ukutani, iliyoondolewa kiatu kimoja bure kabisa.

Tukapiga hesabu pamoja. Vijifimbo vinne vinakufikisha mita tano au sita. Mnazi wangu ni mita 20. Kumbe nahitaji kama vijifimbo 14, na mtu wa kunishikia mfuko wa vijifimbo, na bima. Shemeji akakaa kimya, akasema kulungu anakuja, akakata simu.

Lakini baada ya simu ile nikabaki na hasira ambayo si ya shemeji. Ni hasira ya mtu aliyeuziwa kitu ambacho kwao kipo. Kule Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanapanda mbuyu kufuata asali bila duka lolote. Wanachonga vigingi vya mti, wanakipigilia cha kwanza kwenye shina, maana mbuyu ni laini unakubali, wanasimama juu yake, wanapigilia cha pili, na mwingine ana mwenge wa moto wa kuwafukiza nyuki. Tena mara nyingi ndege ndiye aliyewaonyesha mzinga ulipo, yule anayeitwa kiongozi. Ni ujuzi uleule wa Ohio, isipokuwa kigingi hakina dhamana ya miaka miwili wala rangi ya majani. Kinabaki kwenye mti. Hakibebeki, na kwa sababu hakibebeki hakuna mjumbe aliyewahi kuja kukiazima.

Hata kukaa juu kusubiri mnyama si kugeni. Ukishuka na barabara hii ya Kilwa inayopita Mbagala utafika Rufiji, na huko wakulima wa mpunga wamejenga madungu tangu enzi za mababu, vibanda juu ya miti, wanalala humo kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na kuamka alfajiri kufukuza ndege. Ngazi ya dungu ni miti miwili na fito zilizofungwa kwa kamba. Tofauti ni kwamba wa Ohio anapanda ili mnyama aje, wa Rufiji anapanda akiomba mnyama asije.

Mimi hapa Chamazi nikipanda mwembe na upinde wangu, sijui atakuja nani. Atapita mbuzi wa jirani, watapita kuku, baadaye atakuja mwenyekiti wa serikali ya mtaa na askari. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kama umepanda kwa alumini au kwa kaboni, inauliza leseni. Na msitu wa Pugu ulioko upande ule ni hifadhi, ukiingia nenda na kamera.

Basi siku nazi ilipotoboa beseni jipya, mama watoto aliamua mwenyewe. "Baba nanii, achana na simu zako za Marekani. Muite mzee mkwezi."

Akaja mzee mmoja mwembamba, kaptula, panga kiunoni, begani ana kamba. Ndiyo vifaa vyote hivyo. Kamba yenyewe ni ya katani iliyosokotwa na kufungwa kitanzi, imekuwa nyeusi na laini kwa miguu ya miaka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anautazama mnazi wangu kwa dharau kidogo.

"Hauna vidato huu," akasema.

Minazi mingi ya zamani imechongwa vidato, yale makato ya panga kwenye shina ambayo mkwezi anaweka vidole vya miguu. Wangu ulikuwa mtupu. Hakulalamika zaidi ya hapo. Akapitisha kitanzi kwenye nyayo zote mbili, akalikumbatia shina, akabana kamba kati ya miguu na mti, akajinyoosha. Mikono juu, magoti yakafuata, kamba ikabana, mikono juu tena. Nilikuwa bado nafungua ngazi kwa adabu, ili asione nyumba haina kitu, na bawaba ile iliyolegea ilikuwa imegoma kufunguka. Nilipoinua macho mzee alikuwa kwenye makuti, anapiga madafu kwa mgongo wa panga kusikiliza yapi yafaa.

"Ondoka hapo chini wewe na bati lako!" akanipigia kelele. Bati ndiyo ngazi yangu ya laki kadhaa.

Aliposhuka nikamwonyesha kwenye simu picha za vile vijifimbo. Akazitazama, akarudisha, akaziomba tena. Akauliza, "Na huyu akishafika juu anaangua nini?" Nikamwambia haangui kitu, anakaa. "Anakaa?" Anakaa, anasubiri mnyama. Mzee akatafakari. "Basi ana nafasi," akasema, akachukua malipo yake, na juu yake nazi kadhaa za kupeleka nyumbani, akatupa kamba begani, akaondoka. Kamba haifiki hata nusu kilo. Hakuna nauli ya konda, haina bawaba, na sijasikia mtu akimwazima mkwezi kamba yake, kwa sababu ukiwa nayo bila miguu yake umebeba kamba tu.

Ila nisiwadanganye vijana. Kazi hii inakula watu. Wakwezi wanaanguka, na hata kule Marekani kwenye mikanda na vifaa vyote, kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji, ndiyo maana wanasisitiziwa kujifunga mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi. Ndiyo maana pia watafiti wa minazi wa Mikocheni wana hoja wanapozungumzia minazi mifupi: ukipanda mfupi leo, kwa miaka mingi utavuna umesimama chini. Ningeambiwa hilo wakati nanunua kiwanja ningeuliza habari za mnazi kabla ya habari za hati.

Na kwa kuwa ngazi yangu imeshapita mikononi mwa mtaa mzima, wacha niseme ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza alipokuja kuiazima. Alumini na waya wa umeme ni maadui. Nyaya zetu huku zimepita chini chini, nyingine zimelala juu ya bati la mtu, na kila siku naona fundi dishi anainua mita nne za alumini bila kutazama juu. Karibu na waya tafuta ya mbao kavu, au bora zaidi usipande kabisa, waite wenye umeme wao. Pili, ukiiegemeza ukutani, kwa kila mita nne za kwenda juu vuta mguu wake mita moja kutoka ukutani. Ukiisimamisha wima sana utaanguka chali, ukiilaza sana itateleza na wewe utafika chini kabla yake. Tatu, ndala vua. Safari ya kwenda MOI pale Muhimbili kutokea Chamazi ni ndefu kwa mtu mwenye miguu mizima, fikiria kwa aliyevunjika mmoja.

Sasa hukumu yangu, maana kuna wanaoniuliza wanunue ipi. Ukiwa na gari na stoo yenye kufuli, nunua nyepesi, hongera. Ukiwa unaishi kwenye mtaa wenye watu, usisikilize mtu anayekusifia kwamba inabebeka. Kinachobebeka na wewe kinabebeka na kila mtu, na wao ni wengi kuliko wewe. Mtazame fundi wa kuchomelea wa pale kona. Ana ngazi ya skwea paipu aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki kwenye mageti ya watu. Haijamgharimu hata nusu ya yangu. Inabebwa na wanaume wawili, na wa tatu wa kulalamika. Iko kwake tangu anajenga, haijawahi kwenda msibani, haijawahi kwenda Mbande. Anayeihitaji anaambiwa, "Ichukue," na mwenyewe anaigusa, anapima, anasema ngoja nimuulize jirani yule mwenye ya alumini. Mimi nimeshaweka oda kwake. Nimemwambia aweke chuma kinene.

Wakati nasubiri oda hiyo, naomba kwa heshima: ile ya kukunja iliyoandikwa ya kamati ya mazishi, aliye nayo sasa airudishe. Nimeshamuuliza mjumbe, kasema alimpa fundi bomba, na fundi bomba kasema aliiacha kwa mama ntilie wa kituoni. Embe zimeanza kuiva na popo wananitangulia. Ukiifikisha piga hodi hata saa nne usiku, usiiache nje ya ukuta, mwizi naye ana kazi zake za juu. Na ile bawaba usiigonge kwa nyundo, niachie mwenyewe.